ASKARI ALIYETAKA UHURU UWAFIKIE WOTE
Fundisho juu ya maisha ya Lemuel Haynes (1753–1833)

Masomo: Yeremia 34:8-17, Matendo ya Mitume 17:26, 2 Timotheo 2:3-4



Katika fundisho hili tunawaletea habari za askari mmoja. Tunajua kwamba neno hilo, askari, linaingia vibaya masikioni mwa wengi wetu. Katika nchi yetu tumewaona askari waliolinda, na tumewaona pia waliopora. Kuna wamama kati yetu ambao wakisikia viatu vya askari usiku, usingizi unawakimbia mpaka asubuhi. Kwa hiyo hatutaki kumsifu mtu kwa sababu tu alishika bunduki. Bunduki haimfanyi mtu kuwa mkubwa mbele ya Mungu. Lakini Maandiko Matakatifu hayaoni haya kutaja askari. Kuna yule akida wa Kapernaumu ambaye imani yake ilimshangaza Bwana. Kuna Kornelio, mtu wa sala na sadaka. Naye mtume Paulo, alipotaka kumfundisha Timotheo uvumilivu, alimpa mfano wa askari, kwamba askari wa kweli hajifungi na mambo mengine, bali anatafuta kumpendeza yule aliyemwandika.

Askari tunayemsema ni Lemuel Haynes. Alipigana katika vita vya uhuru vya Marekani, vile vya mwaka 1775 hadi 1783, wakati makoloni 13 yalipoasi utawala wa mfalme wa Uingereza. Alikuwa mtu mweusi, baba yake Mwafrika. Baada ya vita akawa mchungaji. Tunamkumbuka kwa sababu aliona jambo ambalo wakubwa wake hawakutaka kuliona, tena akalisema.

1. Mtoto aliyeachwa

Lemuel alizaliwa tarehe 18 Julai 1753, huko West Hartford, katika koloni la Connecticut. Baba yake alikuwa mtu mweusi, mama yake mwanamke mzungu. Wazazi wote wawili hawakumlea. Alipokuwa na miezi mitano tu, alipelekwa Granville, katika Massachusetts, kwenye nyumba ya shemasi David Rose, kwa mkataba wa utumishi. Maana yake, mtoto huyo atatumika katika nyumba hiyo na shambani mpaka atimize miaka 21, ndipo awe huru. Hakuwa mtumwa wa kuuzwa sokoni, lakini hakuwa mtu huru pia.

Sikilizeni vizuri, ndugu. Katika mkataba ule kulikuwa na sharti kwamba mtoto afundishwe. Na Lemuel mwenyewe alishuhudia baadaye kwamba katika nyumba ile walimtendea kama mmoja wa watoto wao. Mchana alilima na kukata miti. Usiku, kazi ikiisha, alikaa karibu na moto wa kupikia na kusoma kwa mwangaza wake, maana hakuwa na taa. Alisoma Biblia, alisoma zaburi, alisoma kitabu chochote alichopata kuazima.

Wanasimulia jambo moja la kufurahisha. Katika nyumba ile ilikuwa desturi jumamosi jioni kusoma mahubiri yaliyochapwa kitabuni, na kijana Lemuel ndiye aliyesoma. Jioni moja aliweka ndani ya kitabu karatasi aliyoiandika mwenyewe, juu ya Yohana 3:3, pale Bwana anapomwambia Nikodemo habari za kuzaliwa mara ya pili. Akasoma kwa nguvu. Shemasi akapendezwa sana, akauliza ni mahubiri ya mhubiri gani mkubwa. Kijana akajibu kwa haya kwamba ni ya Lemuel. Siku ile nyumba ile ilitambua kwamba mtoto aliyeletwa kwao akiwa na miezi mitano alikuwa na mzigo wa Mungu ndani yake.

Ndugu wapendwa, Musa alilelewa katika nyumba isiyokuwa ya wazazi wake. Samweli alikulia katika nyumba ya Eli. Mtunga Zaburi ya 27 anatufundisha kwamba hata baba na mama wakituacha, Bwana anatuokota. Je, sisi tunawaokota namna gani wale ambao Bwana ametuletea? Kuna nyumba nyingi za Wakristo ambamo yupo mtoto wa ndugu aliyekufa, au mtoto aliyekimbia vita. Yeye anaamka wa kwanza kuchota maji, analala wa mwisho akiisha kuosha sahani. Watoto wa tumbo wanakwenda shuleni, yeye anabaki na ufagio. Na ugonjwa ukiingia nyumbani, au franga zikipungua, yeye ndiye wa kwanza kuitwa mchawi na kutupwa barabarani. Wengine wanafanya hivyo kwa jina la maombi! Ni aibu kwetu sisi tunaojiita watu wa sala. Nani anajua ni Lemuel gani analala sokoni usiku huu kwa sababu yetu?

2. Mtu wa dakika

Mwaka 1774 miaka ya mkataba ilikwisha, Lemuel akawa huru. Basi uhuru wake wa kwanza aliufanyia nini? Alijiandikisha katika kundi la watu wa Granville walioitwa watu wa dakika. Waliitwa hivyo kwa sababu walikuwa wakulima na mafundi walioahidi kwamba wakiitwa, wataacha jembe na nyundo na kutoka dakika ile ile. Tarehe 19 Aprili 1775 damu ilimwagika katika miji ya Lexington na Concord. Habari zilipofika Granville, kundi lile lilitembea mpaka Roxbury, karibu na Boston, ambako jeshi la Uingereza lilikuwa limezungukwa. Mwaka 1776 Lemuel alikwenda tena na wenzake kulinda ngome ya Ticonderoga, iliyokuwa imetwaliwa kwa Waingereza mwaka uliotangulia. Huko alishikwa na homa mbaya ya kambini, akarudishwa nyumbani.

Mnaona kwamba habari zake za vita ni fupi. Alitembea, alilinda, aliugua. Hatuna hadithi ya bendera aliyoiteka wala ya jenerali aliyemwokoa. Askari wengi wako hivyo, na kazi yao Mungu anaijua. Karibu watu weusi 5.000 wanahesabiwa kuwa walipigana upande huo wa uhuru. Na bado walidharauliwa: mwezi wa Novemba 1775 amri ya jeshi ilikataza kuandika watu weusi. Muda mfupi baadaye amri ililegezwa kwa wale watu weusi huru waliokwisha kutumika. Yaani mtu aliacha jembe lake, akaweka roho yake hatarini, halafu wakajadili kama anastahili kusimama katika mstari.

Bwana wetu katika Mathayo 24 anatuonya kuwa tayari, maana hatujui saa. Sisi nasi tunaitwa kuwa watu wa dakika. Kanisa likiita kumzika maskini, tunatoka dakika ile? Jirani akilia usiku, tunafungua mlango dakika ile? Au tunangoja mpaka tuone nani mwingine atatoka kwanza?

3. Karatasi iliyolala miaka 207

Sasa tunafika kwenye jambo kubwa la fundisho hili.

Mwezi wa Julai 1776 wakubwa wa makoloni walitangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa na kwamba Muumba amewapa haki ya kuwa huru. Ni neno zuri sana. Lakini wengi wa wale waliotia sahihi walikuwa na watumwa nyumbani mwao. Walilia kwamba mfalme anawafanya watumwa, na usiku walipewa chakula na watumwa wao wenyewe.

Lemuel Haynes alikuwa na miaka 23 hivi. Alichukua kalamu akaandika karatasi ndefu, akaipa jina lenye maana ya kwamba uhuru upanuliwe, ufike mbali zaidi. Alianza na maneno yale yale ya tangazo la wakubwa, akawashika kwa maneno yao. Alisema kwamba uhuru ni kitu ambacho mtu mweusi anakipenda sawasawa na mzungu, na kifungo kinamuumiza huyu sawasawa na kinavyomuumiza yule. Alishika Matendo 17:26, ambapo Paulo anawafundisha watu wa Athene kwamba mataifa yote Mungu aliyafanya kutoka damu moja. Kama damu ni moja, mtu amepata wapi ruhusa ya kumuuza mwenzake?

Aliwajibu pia wale waliotumia Biblia kulinda utumwa. Wengine walisema kwamba watu weusi wamelaaniwa tangu siku za Nuhu. Wengine walisema kwamba Waafrika wamepata faida, maana wametolewa katika giza na kuletwa penye nuru ya Injili. Sisi watu wa Kongo tunaijua hoja hii. Merikebu zilizopakia watu kwenye mdomo wa mto wetu zilikuwa mali ya watu waliojiita Wakristo, na waliokuja baadaye kutukata mikono kwa sababu ya mpira walisema kwamba wametuletea ustaarabu. Lemuel alikataa. Mtu hana ruhusa ya kutenda mabaya ili mema yatokee. Injili haihitaji mnyororo ili isafiri.

Ndugu, fungueni Yeremia 34. Jeshi la Babeli lilipouzunguka Yerusalemu, mfalme Sedekia na watu wote waliogopa, wakafanya agano mbele ya Mungu kwamba kila mtu atawaacha huru watumwa wake Waebrania. Wakawaacha. Lakini adui aliporudi nyuma kidogo, waligeuka, wakawakamata tena wale waliowaacha, wakawatia utumwani. Mungu akakasirika sana. Akawaambia kwa kinywa cha nabii kwamba kwa kuwa hawakumtangazia ndugu yao uhuru, Yeye atawatangazia uhuru wa namna nyingine: kuachwa mikononi mwa upanga, tauni na njaa.

Mwanadamu yuko hivyo tangu zamani. Wakati wa hatari anaahidi uhuru kwa wote, na hatari ikipita anaufunga uhuru ndani ya sanduku lake na kuweka ufunguo mfukoni. Marekani ilishinda vita mwaka 1783. Lakini utumwa haukuondolewa katika nchi yote mpaka mwaka 1865, baada ya vita vingine ambavyo damu nyingi sana ilimwagika. Neno la Yeremia halikuanguka chini.

Na karatasi ya Lemuel? Haikuchapwa wakati wake. Ililala. Aliyeiandika alizeeka, akafa, wajukuu wakafa, na karatasi ilikuwa bado imelala. Ilipatikana katika hifadhi ya maandishi ya chuo kikuu cha Harvard, ikachapwa mara ya kwanza mwaka 1983. Hesabuni: toka 1776 mpaka 1983 ni miaka 207. Neno la haki linaweza kulala, lakini halifi. Wewe mama uliyesema ukweli katika kikao cha jamaa na wakakunyamazisha, wewe kijana uliyekataa rushwa na wakakucheka, msifikiri kwamba neno lenu limepotea. Mungu ana hifadhi yake.

4. Miaka thelathini mimbarani

Alipotoka vitani, Lemuel alijifunza Kilatini na Kigiriki kwa wachungaji waliokubali kumfundisha. Tarehe 29 Novemba 1780 alipewa ruhusa ya kuhubiri. Mwaka 1783 alimwoa Elizabeth Babbitt, mwanamke mzungu aliyekuwa mwalimu wa shule, na Mungu akawapa watoto kumi. Tarehe 9 Novemba 1785 aliwekewa mikono. Anahesabiwa kuwa mtu mweusi wa kwanza katika Marekani kuwekewa mikono na kanisa la Kiprotestanti kuwa mchungaji.

Alitumwa kwanza Torrington, katika Connecticut. Inasimuliwa kwamba huko mtu mmoja alichukizwa kuona kanisa limemwita mtu mweusi. Akaingia ibadani na kofia kichwani, kusudi amdharau. Lakini mahubiri yalipoanza kumgusa, alivua kofia, akaitupa chini ya kiti, akasikiliza mpaka mwisho. Mtu huyo akawa mtu wa sala. Lemuel hakumkemea juu ya kofia. Aliliacha Neno limvue.

Mwaka 1788 alihamia Rutland, katika Vermont, akachunga kanisa la watu karibu wote wazungu kwa miaka 30. Mwaka 1804 chuo cha Middlebury kilimpa shahada ya heshima. Katika mahubiri yake ya kuwaaga mwaka 1818 alitoa hesabu ya kazi yake kama wakili mwaminifu: mahubiri kama 5.500, na kati yake 400 ya mazishi. Fikirini, wachungaji wetu: mara 400 kusimama mbele ya jeneza na kutafuta neno la kuwafariji wenye kilio. Hapo ndipo tunamwona askari wa kweli. Vita vya bunduki alivifanya kwa muda mfupi, vita vya Neno alivifanya zaidi ya miaka 50.

Lakini mwisho wa Rutland haukuwa mtamu. Ugomvi uliingia kanisani, siasa ikaingia, akaondoka. Wanasimulia kwamba alifanya mzaha wenye machungu akisema kwamba watu wa Rutland walikuwa na akili nyingi: iliwachukua miaka 30 kugundua kwamba mchungaji wao ni mweusi. Aliwabatiza watoto wao, aliwazika wazee wao, na bado siku moja rangi ya ngozi ilikumbukwa. Hata hivyo hakuiacha kazi. Alihudumu Manchester, katika Vermont, na mwaka 1822 akaenda South Granville, katika New York, ambako alihubiri mpaka karibu na mwisho wake. Alikufa tarehe 28 Septemba 1833, akiwa na miaka 80. Mwaka 1975 nyumba yake ya South Granville iliwekwa na serikali ya Marekani katika hesabu ya majengo ya kumbukumbu ya taifa.

Maneno ya kaburi lake aliyaandaa mwenyewe. Hakutaja vita, hakutaja shahada, hakutaja kwamba alikuwa wa kwanza. Alitaka watu wajue kwamba hapo amelala mwenye dhambi aliyestahili jehanamu, aliyemtegemea Kristo peke yake, na kwamba anawaalika watoto wake na wote watakaosoma wautegemee msingi ule ule.

5. Namna ya kumheshimu askari

Ndugu wapendwa, sisi tunapenda sana kuheshimu wafu. Tunapiga ngoma na fanfare, tunavaa vitambaa vipya, tunatoa hotuba ndefu. Si vibaya. Lakini Bwana aliwakemea wale waliojenga makaburi ya manabii na huku mioyo yao ilifanana na ya wale waliowaua. Mtu aliyepigana kwa ajili ya uhuru haheshimiwi kwa ngoma tu. Anaheshimiwa kwa kuuendeleza uhuru mahali alipouachia.

Wababu zetu walipata kiboko, walifungwa, walihamishwa mbali na vijiji vyao, ili sisi tusimame wima. Tarehe 30 Juni 1960 nchi yetu ilipata uhuru. Basi tujiulize maswali matatu, kila mmoja katika nyumba yake.

La kwanza: uhuru nilioupata, umefika kwa nani mwingine? Kama baba yuko huru na mama hana ruhusa ya kusema nyumbani, uhuru huo haujapanuka bado. Kama mkubwa wa kazi yuko huru na watumikaji wake hawalipwi miezi na miezi, Yeremia 34 inamhusu yeye.

La pili: yule mtoto asiye wa tumbo langu, anakula nini, anasoma wapi, namwita kwa jina gani? Shemasi Rose hakujua kwamba analea mchungaji. Alishika tu sharti la kumfundisha mtoto wa watu.

La tatu: nilipokosewa, niliacha kazi ya Bwana? Lemuel alidharauliwa kanisani, akaondoka katika kanisa alilolichunga miaka 30, na bado alikutwa mimbarani.

Kama maswali haya yanatuchoma, tusikimbie. Tuanze na jambo moja jioni ya leo. Mwite yule mtoto aliyezoea kula jikoni peke yake, akae mezani pamoja na wengine. Kesho uulize bei ya daftari lake. Huko ndiko kuupanua uhuru.

Tuombe: Ee Mungu, Baba wa watu wote, uliyetufanya kutoka damu moja, tunakushukuru kwa ajili ya mtumishi wako Lemuel, aliyetoka upesi alipoitwa na hakuchoka mpaka uzee. Utusamehe sisi tulioomba uhuru kwako na kuwanyima wengine. Uwaokote watoto walioachwa, na utupe mikono ya kuwapokea. Walinde wanaolinda kwa haki, uwageuze wanaopora. Utufanye kuwa watu wa dakika, tunaosimama unapoita. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.